Eda Mbele ya Simu

Jumanne, 15 Julai

Suruali sita za shule. Zipu mbili zimekataa, nimezing'oa. Bellevue, hapa Johannesburg, imeganda leo, vidole havishiki sindano mpaka nivipashe kwenye hita. Hita nayo inakula umeme bila haya.

Kutwa ndani. Mjane hatoki. Nguo za wateja anazipeleka Bi Zena mlangoni. Amejipa mwenyewe cheo cha askari wa eda yangu. Ni Mzanzibari, chumba chake kinapakana na changu, na sheria zake ni nyingi kuliko za kitabu. Nisipake wanja. Nisicheke kwa sauti. Nisichungulie dirishani. Wema wake mkubwa, na unachosha.

Idrisa alianguka mwezi wa tano karakanani kwake Jeppestown, mchana, katikati ya kuchomelea geti la mtu. Moyo. Gari la wagonjwa lilikuta ameshakwenda. Mimi bado nalala upande wangu wa kitanda.

Jumapili, 20 Julai

Shemeji Hamadi amekuja kutoka Soweto. Ndiye kaka mkubwa wa Idrisa. Kila Jumapili huja na vitu vya spaza yake, kile kiduka cha mtaani: unga, mafuta, sukari. Huketi kwenye kiti cha mlangoni, hafiki ndani. Leo amelia kidogo, nami nikamhurumia. Halafu akajifuta uso akaanza ya nyumba.

Nyumba ya Tanga. Amesema kuna karatasi ya mirathi nitie saini. Wakili atatupigia kwa video Alhamisi, aone uso wangu, agonge mhuri.

"Utaratibu tu, shemeji. Atakuuliza mawili matatu, we sema ndiyo, kwisha. Sharp, sawa?"

Nikamuuliza karatasi inasema nini. Ati mambo ya kisheria, nisijichoshe na msiba huu. Mimi niliyemaliza kidato cha nne na kusoma mkataba wa chumba hiki, wa Kiingereza, mstari kwa mstari, wakati yeye na ndugu yake wameshasaini na kutoka nje kuvuta hewa. Nikamwambia aitume kwenye simu kabla ya Alhamisi, la sivyo sikai mbele ya wakili yeyote. Akacheka, akaniita mwanasheria. Mtu akianza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa huwa nasikia baridi ya chupa.

Jumatatu, 21 Julai

Ameituma. Bila shaka alidhani sitaisoma.

Nimeisoma mara tatu, cherehani imezimwa. Inasema mimi, mjane, nimeridhia Hamadi awe msimamizi pekee wa mirathi. Inasema nimeridhia auze nyumba. Inasema sina dai lolote lingine. Sina dai lolote! Kiwanja tulikinunua kwa fedha za magauni yangu ya harusi, mwaka ule nilioshona mpaka miguu ikavimba. Madirisha ni jasho la Idrisa, bati ni langu. Hati ya kiwanja ina jina lake peke yake kwa sababu siku ya kuandika alikwenda yeye Tanga, mimi nikabaki na oda za watu. Nilisema ni chetu sote, kuna haja gani. Sijawahi kuingia ndani ya nyumba ile. Naijua kwa picha tu, tangu msingi.

Nina hasira. Nina hasira hadi meno.

Nimempigia mdogo wangu Asha, yuko Tanga. Amekwenda mahakama ya mwanzo leo hii hii. Tangazo limeshabandikwa ubaoni: Hamadi anaomba usimamizi, shauri ni tarehe mbili Septemba. Mwenye pingamizi afike, au atume mtu mwenye hati ya uwakilishi iliyogongwa mhuri. Asipofika wala kutuma, ameridhia. Kwa hiyo alijua tarehe Jumapili ile alipokuwa analia kwenye kiti changu.

Wangegawa kwa haki nisingesema kitu. Hatukujaliwa mtoto, robo ni yangu kwa sheria ya dini, kinachobaki ni chao. Hilo nalijua na nalikubali. Lakini huwezi kugawa jasho langu kama mali ya marehemu. Kwanza nitoe changu, halafu mgawane chake.

Alhamisi, 24 Julai

Niandike yote, nisije nikasahau.

Shemeji alifika saa nne na simu yake mpya. Akaisimamisha kwenye kopo la sukari juu ya meza ya kukatia nguo. Mimi upande huu, yeye kasimama nyuma ya simu, ananitazama mimi moja kwa moja. Bi Zena akatoka nje kwa heshima. Wakili akatokea: kijana, tai nyekundu, nyuma yake kabati la mafaili. Akaniamkia vizuri. Akaniambia niinue pasi ya kusafiria karibu na shavu, nigeuke kulia, nigeuke kushoto. Nikageuka. Akauliza jina kamili. Saumu binti Juma.

Akauliza kama kuna mtu mwingine chumbani.

Shemeji akanitikisia kidole: hakuna.

Nikasema, "Yupo. Shemeji yangu, amesimama nyuma ya simu."

Wakili akamwomba ajitokeze. Hakujitokeza. Wakili akaendelea, nadhani alishaingia mashaka. Akauliza, "Je, unasaini hati hii kwa hiari yako, bila kulazimishwa na mtu?"

Nikasema hapana.

Neno dogo hilo. Sikulipigia kelele. Kijana akaiweka kalamu chini, akasema basi kikao kimekwisha, hawezi kuthibitisha, akanishukuru na kunipa pole ya msiba. Skrini ikawa nyeusi. Namshukuru yule kijana, alikodiwa na wao lakini swali aliliuliza.

Shemeji alikwapua simu, kopo likaanguka, sukari sakafuni. Akasema nimemvua nguo mbele ya watu. Nikamwambia alikuja hajavaa. Ile sukari niliifagia baada ya yeye kwenda.

Ijumaa, 25 Julai

Sijutii. Nimeandika hivi ili kesho nikianza kujuta nisome.

Jumapili, 27 Julai

Hakuna aliyekuja. Wala unga wala mafuta. Akufukuzaye hakwambii toka.

Habari zimetangulia. Shemeji amewaambia watu wa Tanga waliopo hapa kwamba mke wa Idrisa anaongea na wanaume kwenye simu, uso wazi, eda haijaisha. Wanawake wawili waliokuwa wanakuja kunisomea Yasini wamepata udhuru. Mmoja ana mafua, mwingine ana wageni. Pole zao.

Nikamwuliza Bi Zena: Shemeji naye si maharimu wangu, angeweza kunioa kesho kutwa, na Jumapili zote hizi amekaa mlangoni kwangu. Huyo hakuna aliyemwona? Bi Zena akatazama ukuta. Akasema heri nusu shari kuliko shari kamili, nikubali yaishe. Nikamwambia shari kamili ndiyo hiyo aliyoniletea kwa karatasi.

Nimempigia sheikh. Kanisikiliza mpaka mwisho, jambo adimu. Akasema hii ni haja, tena haja ya haki. Nijisitiri, niseme lililo la lazima, nisifanye mazoea. Nikamfikishia Bi Zena fatwa. Akasema, "Sheikh wa simu huyo."

Mama Furaha wa chumba cha mwisho, Mkongo anayesuka nywele mtaa wa Yeoville, kaleta sombe, kisamvu cha kwao, na ugali wa muhogo. Si dini yangu, wala hakuuliza chochote. Kaweka sahani, akasema, "Kula, mama. Kupigana na njaa haiko muzuri." Nimekula yote.

Jumatano, 6 Agosti

Asha amepata wakili wetu. Mbaruku, mtu mzima, sauti nzito, ana mhuri wa kuthibitisha hati na hufanya kwa video kwa watu wa Oman, Uingereza, kote. Asha alitafuta mwanamke. Aliyempata hafanyi kwa video.

Nimeuliza kama siwezi kufanya njia ya kawaida. Hapa kituo cha polisi hugonga mihuri bure, lakini pasi yangu ya Tanzania iko hai, kibali cha hapa ndicho kimekufa. Sijipeleki kituoni kwa miguu yangu. Ubalozi uko Pretoria, na foleni yake naijua, na Bi Zena angejilaza mlangoni. Basi ni simu.

Hati mbili. Ya kwanza kiapo changu: nini nililipia, lini, mashahidi nani. Ya pili ya kumpa Asha nafasi yangu mbele ya hakimu. Masharti ya wakili: pasi mkononi, mwanga wa kutosha, mtandao usiokatika, na niwe peke yangu chumbani. Hilo la mwisho amelirudia. Peke yako kabisa, mama.

Nafasi ni Jumanne ijayo. Nimekaa na kiapo siku mbili. Kila nikiandika "mimi" naona kama najisifu, halafu nakumbuka ile sakafu ya sukari naendelea.

Jumanne, 12 Agosti

Balaa.

Kila kitu kilikuwa sawa. Mlango umefungwa, pazia la nguo limevutwa, kanga ya kiasi kichwani. Wakili Mbaruku kaniuliza jina, pasi, shavu, kulia, kushoto. Kaniuliza kama niko peke yangu. Nikasema ndiyo, nikiamini hivyo. Kaanza kunisomea kiapo kwa sauti. Kafika pale pa kuuliza, "Unaelewa kwamba ukisema uongo hapa ni kosa la jinai?" Nikanyamaza nifikirie. Jambo zito, mtu hulifikiria.

Nyuma ya pazia la nguo sauti ikasema, "Sema ndiyo, mwanangu!"

Bi Zena. Kakaa humo juu ya ndoo, katikati ya suruali za shule, tangu nilipokwenda kutia udhu. Tasbihi mkononi.

Wakili hakupandisha sauti. Akasema hajui nani yuko nyuma ya pazia. Anaweza kuwa bibi, anaweza kuwa mtu na panga. Kazi yake ni kujua kwamba nasema mwenyewe, na leo hajui. Akafunga. Nikapiga tena, hakupokea. Baadaye ukaja ujumbe: nafasi iliyobaki ni tarehe ishirini na nane, siku chache tu kabla ya shauri. Ikiharibika hiyo, basi.

Nimemfokea Bi Zena. Mama wa umri ule, nimemfokea, na majirani wamesikia. Naye akalia, akasema, "Ningekuachaje peke yako na mwanamme ndani ya chumba?" Kumbe kwake yeye wakili aliingia. Alikuwa humu, kwenye meza, na mlango umefungwa. Kwa mila yetu mjane hawekwi faragha na mwanaume, basi akaja kunilinda kwa njia anayoijua. Hasira imebaki lakini haina pa kukaa.

Alhamisi, 14 Agosti

Shemeji kapiga. Alishasikia, kuta za nyumba hii ni mbao na majirani wana simu. Sauti ya asali. Ati wakili wangu mwenyewe kanikataa, ni ishara kutoka kwa Mungu. Nisaini ya kwake, atanipa "kitu cha kunifuta machozi". Sikukubali, akabadilika. Akasema ataongea na mwenye nyumba kuhusu chumba, maana kiliandikwa kwa jina la Idrisa na yeye ndiye mkubwa wa Idrisa.

Nikamwambia chumba kina jina la Idrisa na kodi inalipwa na cherehani. Aje aichukue cherehani kwanza, kama anaweza kuinyanyua. Nikakata.

Baada ya hapo nimeogopa saa nzima. Niandike na hilo. Nimejifunika blanketi kama mtoto, nikamchukia Hamadi, nikamchukia na Idrisa kwa kufa bila kuandika chochote. Liwalo na liwe, lakini hataniona naogopa.

Jumatano, 20 Agosti

Nimepata njia nikiwa napindisha ukosi.

Wakili anataka asiwepo mtu wa kunisemea. Bi Zena anataka nisifungiwe na mwanaume. Wote wawili wanalinda kitu kimoja, mimi. Kinachogombanisha ni mlango uliofungwa. Basi mlango usifungwe.

Nimemwandikia wakili: nikae chumbani peke yangu, mlango wazi, kamera ielekee mlangoni, wanawake wakae mwisho wa korido ambapo yeye anawaona na wao hawasikii. Akajibu baada ya Magharibi. Akasema ni mara ya kwanza kuombwa hivyo. Akasema kama anawaona wote, na midomo yao anaiona imefungwa, haoni kizuizi.

Kumshawishi Bi Zena kumekuwa kazi kubwa kuliko wakili. Kataka kujua mwisho wa korido ni wapi hasa. Tumepima kwa macho, yeye kasimama, mimi nimekaa. Akasogea hatua moja mbele. Nikamrudisha. Mama Furaha akamshika mkono, akasema, "Bibi, tutakaa sisi wote. Mimi naleta kiti yangu." Akakubali, akisema anakubali kwa shingo upande. Shingo anayo, upande wowote sawa.

Alhamisi, 28 Agosti

Umeme umekatika asubuhi. Mtaa mzima. Wanasema waya zimeibwa tena. Simu ilikuwa imejaa chaji, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini chumbani giza tupu. Wakili kapiga, kasema, "Mama, sikuoni uso." Nikaona shauri linaniponyoka hivi hivi kwa ajili ya mwizi wa waya.

Nikanyanyua kiti nikakiweka kizingitini kabisa. Nikakaa kwa ubavu, mwanga wa uani ukanipiga usoni, na upepo wa Agosti nao. Mjane, mlangoni, mchana, mbele ya nyumba yenye vyumba kumi na moja. Nilisikia mtu juu akifungua dirisha. Afungue. Simu nimeisimamisha juu ya ndoo ile ile, ndani, inanitazama mimi, na nyuma yangu korido yote hadi getini.

Wakili akawahesabu mmoja mmoja. "Yule mwenye ushungi wa buluu?" Bi Zena. Kafumba mdomo, vidole masikioni, huku anatingisha kichwa kwa dhikri. "Na yule?" Mama Furaha, na mteja wake nusu ya kichwa kimesukwa. Walipoambiwa wasinyanyuke hawakunyanyuka. Mteja yule simjui hata jina, alikaa na baridi na nywele zake wima mpaka mwisho.

Jina. Pasi. Shavu. Kulia, kushoto. Akanizungushisha simu chumba kizima: kitanda, chini ya kitanda, nyuma ya pazia. Nimeona haya kwa vumbi. Akasoma kiapo chote. Alipofika kwenye uongo na jinai nikafikiri tena, kwa muda ule ule, na safari hii hakuna aliyenijibia. Nikasema naelewa.

Akauliza, "Unafanya haya kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu na kwa hasira yangu."

"Hiari inatosha, mama."

Nadhani alicheka, masharubu yalisogea. Nikatia saini kwa kidole juu ya kioo. Imetoka mbaya, kama mtu aliyesaini juu ya punda. Akasema saini ni saini. Halafu akachapa kule kwake, akainua karatasi niione, akagonga mhuri mbele ya macho yangu, mara mbili, hati mbili. Nilisikia ule mlio wa mhuri. Kutoka Tanga hadi Bellevue, nimeusikia.

Bi Zena alikuja mbio kuniuliza kama kimeharibika kitu. Nikamkumbatia. Kanuka udi na baridi.

Jumanne, 2 Septemba

Sikushona. Nimekaa na simu mapajani tangu alfajiri.

Asha kapiga saa saba mchana, anaongea mbio, anacheka, analia. Naandika kama alivyosimulia.

Hamadi hakuwepo, yuko Soweto. Kamtuma binamu yao Rajabu, koti jeusi, faili mkononi. Asha aliposimama na hati yangu, Rajabu akaruka juu. Karatasi ya simu si karatasi! Mwanamke yuko edani, yuko nchi ya mbali, nani alimwona akisaini? Mahakama haiwezi kuendeshwa kwa mitandao!

Hakimu ni mama mwenye miwani. Akamwacha amalize. Kisha akamwuliza yeye Rajabu anasimama kwa niaba ya nani. Ya Hamadi. Hamadi yuko wapi? Afrika Kusini. Alikuja lini kukuandikia hati hii? Rajabu akafungua faili, akafunga faili. Akasema alisaini kwa video.

Ukumbi ukacheka, Asha anasema hata karani. Mkuki kwa nguruwe. Ni yule yule kijana wa tai nyekundu aliyegonga mhuri, njia ile ile, na ni Hamadi mwenyewe aliyenifundisha kwamba njia hiyo ipo! Hakimu akasema basi achague: azitupe zote mbili au azisome zote mbili. Rajabu akasema zisomwe.

Zikasomwa. Hakimu kasema Hamadi hawi msimamizi peke yake. Watasimamia wawili, yeye na Asha kwa niaba yangu. Mchango wangu usikilizwe kwanza kwa ushahidi, wauza bati waitwe, mashahidi waitwe. Na mpaka hapo nyumba haiuzwi, wala haiwekwi rehani, bila saini yangu.

Bila saini yangu. Nimemwambia Asha arudie hilo mara tatu.

Jumapili, 7 Septemba

Shemeji kaja. Sikumtazamia. Kasimama uani, hakuketi mpaka Bi Zena alipomletea kiti, na Bi Zena naye akaketi pale pale katikati yetu, safari hii hakuenda popote.

Kakonda. Kasema spaza imefungwa tangu mwanzoni mwa mwezi wa saba. Walikuja watu wakabeba mpaka friji, halafu wakaja wengine wenye karatasi za serikali wakafunga kilichobaki. Kumbe ule unga na ile sukari alikuwa ananunua dukani kama mtu mwingine yeyote. Eish, shemeji, kasema, nilikuwa nazama.

Nikamwambia angekuja na maneno hayo ningemsikiliza. Alikuja na karatasi iliyosema sina dai. Kasema anajua. Hakuomba radhi, na mimi sikumsaidia kuomba. Nyumba haiuzwi, nimemwambia usoni, ili asije kusema aliambiwa na watu. Akaitikia kwa kichwa. Alipoondoka nilimfungia maandazi, kwa sababu ni kaka wa Idrisa na ana njaa.

Bado nimemkasirikia. Maandazi ni maandazi.

Ijumaa, 26 Septemba

Eda imekwisha jana. Bi Zena kanikosha kwa mikono yake, kanifukiza udi, kanipa ruhusa ya wanja. Nimevaa gauni la kijani nililolishona mwenyewe kabla ya mwezi wa tano. Limenipwaya.

Asubuhi nimetoka. Nimetembea hadi Yeoville, nimenunua nyuzi nyeusi na nyeupe, nimevuka kwenye robot, taa za barabarani, kama watu wote. Jua la majira ya maua kuchanua. Hakuna aliyenigeukia.

Nimerudi, nimefunga mlango. Hakuna wakili wa kupigia, hakuna tarehe ya kungoja, kesi itaendelea mwezi ujao na Asha anaimudu. Nimeketi kitandani, upande wa Idrisa. Shati lake la kazini lilikuwa bado kwenye ndoano, na tundu moja dogo la cheche kwenye mkono. Miezi yote hii limekaa mbele yangu na sikuwahi kulishika.

Watu walinipa eda ili nimlilie mume wangu, nikaimaliza yote kwa kupigania nyumba. Leo nimelia. Nimelia mpaka Bi Zena akagonga ukuta, kisha akaacha.